Maneno ya Kutambua kwa Jicho: Orodha ya Dolch na Watoto Wetu

Mwenye kuingia siku hizi katika darasa la watoto wadogo, hasa katika shule zifundishazo kwa Kiingereza, ataona ukutani kadi zimepangwa safu kwa safu, kila moja na neno lake: "the", "was", "said", "come", "little". Mwalimu huinua kadi, watoto hulitaja neno kwa sauti moja, kadi hushushwa, nyingine huinuliwa. Hayo ndiyo maneno ya kutambua kwa jicho, yaani maneno ambayo mtoto hutakiwa ayatazame tu na kuyataja papo hapo, pasipo kuziendea herufi zake moja moja. Kazi hii yapendeza. Wazazi hufurahi, maana mtoto wa miaka 5 hurudi nyumbani akiwa na maneno 20 kinywani. Mwalimu naye hufurahi, kwa kuwa darasa zima lashughulika kwa wakati mmoja wala hakuna anayelala. Nami nimeona kadi za namna iyo hiyo zikiandikwa kwa Kiswahili pia: "na", "ya", "kwa", "hii", "yangu".

Neno langu ni hili. Orodha ambayo kadi hizo zatoka kwake ni kazi nzuri ya kuhesabu, lakini imegeuzwa kuwa njia ya kufundisha kusoma, nayo si njia. Na ikiletwa katika Kiswahili haipati hata mahali pa kusimama. Wengi walioirithi hawajui ilikotoka, kwa hiyo yafaa tuanze huko.

Edward William Dolch alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1936 alitoa katika jarida la walimu wa shule za watoto orodha ya maneno 220. Hakuyatunga kichwani mwake. Alichukua orodha tatu zilizotangulia, za maneno ambayo watoto wadogo huyajua au huyakuta katika vitabu vyao vya kwanza, akazilinganisha, akashika hasa yale yaliyokutana katika zote. Majina ya vitu aliyaacha kwa makusudi, na sababu yake ni ya busara: jina la kitu hufuata habari inayosomwa. Kitabu cha shambani kitataja ng'ombe na jembe, kitabu cha mjini kitataja vingine kabisa. Bali maneno ya kuungia, maneno ya kusimama badala ya jina, vitendo vya kila siku, rangi na hesabu, hayana kitabu yasimotokea. Majina 95 yalipangwa katika orodha ya pekee. Kisha alionyesha kwamba maneno yale 220 peke yake huwa zaidi ya nusu ya maneno yote yaliyoandikwa katika vitabu vya shule vya siku zile.

Mtu asiidharau kazi hiyo. Mwalimu anayejua ni maneno gani atakayokutana nayo mtoto wake kila ukurasa, ana faida kuliko asiyejua. Wala Dolch hakuwa mtu wa maneno mengi. Orodha yake yaweza kusomwa yote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini kutoka kusema "neno hili hutokea mara nyingi" hata kusema "neno hili lifundishwe kama picha" kuna mto mpana, na katika kurasa zake sioni daraja. Kuhesabu kwatuambia mtoto atakutana na nini. Hakutuambii akili yake yakishikaje.

Yeye hakuwa wa kwanza kuruka mto huo. Katika nchi ya Wajerumani, Friedrich Gedike alitoa kitabu cha kusoma bila alfabeti mwaka 1791. Horace Mann, aliyesimamia elimu katika Massachusetts, alizitembelea shule za Ulaya mwaka 1843, akarudi akiwashutumu walimu waliowachosha watoto kwa majina ya herufi. Walimu wa Boston wakamjibu kwa ukali mwaka 1844, na ugomvi ule haujesha. Mann alikuwa na haki kwa sehemu. Mtoto wa Kiingereza akifundishwa kusema majina ya herufi "si, e, ti" hawezi kuyaunganisha akapata neno "cat", kwa maana majina ya herufi katika lugha ile si sauti zake. Lakini dawa ya jina bovu la herufi ni kuifundisha sauti yake, si kuitupa herufi.

Halafu ikaja hoja ya wenye elimu ya nafsi. James McKeen Cattell, akifanya kazi Leipzig, alionyesha mwaka 1886 kwamba mtu hulitambua neno fupi zima kwa upesi sawa na herufi moja. Watu wakasema: Basi, kumbe neno ndilo linaloonekana, si herufi, tuanze na neno. Hawakutazama waliopimwa ni nani. Walikuwa watu wazima waliokwisha soma maelfu ya kurasa. Ni kama kumtazama nahodha mzee aingizaye jahazi bandarini usiku bila kutazama dira, kisha kusema kwamba vijana wa chomboni wasifundishwe dira. Toka mwaka 1930 vitabu vya Dick na Jane vilienea Marekani, kurasa zenye maneno machache yanayorudiwa na kurudiwa, na vizazi viwili vya watoto vikalelewa navyo. Samuel Orton, daktari, alikwisha onya mwaka 1929 kwamba njia hiyo huwadhuru watoto wengine. Rudolf Flesch aliandika kitabu chake cha hasira mwaka 1955. Jeanne Chall akaipima habari yote kwa utulivu mwaka 1967. Na baraza lililowekwa Marekani kuchunguza kusoma likatoa hesabu yake mwaka 2000. Wote watatu, kwa sauti tatu mbalimbali, waliona kwamba mtoto afundishwaye sauti za herufi kwa utaratibu husoma vizuri zaidi.

Lakini katika habari hizi zote hakuna inionyeshayo jambo waziwazi kuliko jaribio dogo la mwaka 1992. Wataalamu watatu wa Marekani, Gough, Juel na Griffith, waliwafundisha watoto wasiojua kusoma maneno machache kwa kadi. Kadi moja ilikuwa na alama ya kidole gumba, mfano wa uchafu tu. Watoto walilijua neno la kadi ile upesi kuliko mengine. Kisha wakaonyeshwa neno lile lile katika kadi safi, na wengi hawakulijua. Wakaonyeshwa kadi yenye alama ya kidole bila neno lolote, nao wakalitaja neno! Jicho la mtoto lilikuwa limefanya kama lilivyoambiwa: lilitafuta ishara iliyo rahisi. Mwalimu alidhani amefundisha neno, kumbe amefundisha doa.

Kila mwalimu mwenye kadi na alijaribu hilo darasani mwake. Mimi nililijaribu kwa kadi iliyopinda pembe, na sina haja ya kusema zaidi.

Hapa mtu ataniuliza: Je, wewe mwenyewe huyatambui maneno kwa jicho? Nayatambua, na msomaji wa ukurasa huu ayatambua vivyo hivyo, la sivyo asingefika mpaka hapa. Kosa liko katika kuyachanganya mambo mawili, matunda na mbegu. Linnea Ehri, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameeleza kwamba neno hukaa katika kumbukumbu ya msomaji kwa sababu herufi zake zimefungamana na sauti za neno lile alizokwisha zijua kwa masikio. Akilisoma kwa herufi mara chache, hulishika. Baada ya hapo huliona na kulijua mara moja. Basi neno la kutambua kwa jicho laweza kuwa neno lo lote, "mama" au "Nebukadneza", ikiwa msomaji amekwisha lipitia herufi kwa herufi. Kwamba hatulijui kwa umbo lake la nje ni rahisi kuonyesha. Andika ubaoni "mtoto", kisha "MTOTO", kisha "mToTo". Maumbo hayo matatu hayafanani hata kidogo, na la mwisho hakuna aliyepata kuliona. Lakini asomaye hulijua. Mwaka 2015 Yoncheva, Wise na McCandliss waliwafundisha watu wazima maandishi yaliyobuniwa, maneno mengine kwa umbo zima na mengine kwa herufi na sauti. Na katika vipimo vya ubongo maneno yaliyofundishwa kwa sauti ndiyo yaliyoamsha upande wa kushoto, ambao msomaji hodari huutumia.

Sasa tuirudie orodha yenyewe na kuisoma kama wakosoaji, si kama wanunuzi wa kadi. Watetezi wake husema kwamba maneno yale hayana budi kukaririwa kwa umbo kwa sababu hayafuati kanuni. Nimeyapitia yote 220. Mengi yafuata kanuni kabisa: "and", "in", "it", "can", "big", "had", "did", "get", "cut", "red", "ten", "six", "must", "best", "went", "jump", "help". Mtoto aliyefundishwa sauti za herufi kwa miezi michache atayasoma haya bila kuyaona kabla. Kumpa kama picha ni kumlipisha nauli ya njia ambayo angeweza kuitembea mwenyewe.

Katika yale yaonekanayo kuwa maasi, wengi ni ndugu waliotenganishwa na mpangilio wa orodha. "Was" (alikuwa), "want" (taka) na "wash" (osha) yamo yote matatu. Katika yote "a" ikifuata "w" hutamkwa karibu na "o" yetu. "Come", "some" na "done" yamo; katika yote "o" yasikika karibu na "a" fupi. "Have", "give" na "live" yana "e" mwishoni isiyotamkwa, kwa sababu desturi ya Kiingereza haiachi neno limalizike na "v". "Could" na "would" ni pacha. "All", "call", "fall" na "small" ni nyumba moja, na "light" na "right" pia. Hata "said", ambalo kila mwalimu hulitaja kama mfano wa neno lisilo na sheria, lina "s" na "d" zilizo waaminifu. Uasi ni wa herufi mbili za katikati, na herufi hizo hizo hufanya vivyo hivyo katika "again" kwa namna watu wengi walitamkavyo. Likifundishwa hivi, mtoto ana kitu kimoja tu cha kukumbuka badala ya neno zima. Mwishoni hubaki wachache walio wagumu kweli: "of", ambamo "f" imejifanya "v", "one" na "once", zinazoanza kwa sauti isiyoandikwa, "two", "who", "laugh", "eight", na mengine kidogo. Hayo na yawekwe ukutani. Ni kadi 10 au 20, si 220, na hata hizo mtoto aonyeshwe ni herufi ipi iliyo mtiifu na ipi iliyo mkaidi.

Kwa mtoto wetu kuna shida nyingine ambayo Dolch hakuwa na sababu ya kuiwaza, maana aliwaandikia watoto waliokwisha kukisema Kiingereza. Neno linalotokea kuliko yote katika lugha ile ni "the". Mtoto wa Illinois alikuwa amelisikia mara elfu kabla ya kuliona. Mtoto wa Tabora au wa Machakos halijui, wala katika lugha ya mama yake hakuna neno la kazi hiyo. Hata mwalimu akitaka kumwambia maana yake hatapata la kumwambia. Kadi yenye "the" kwake ni sanduku lililofungwa ambalo ndani yake hamna kitu. Kadhalika "of", "as", "upon". Maneno ya orodha ile, kwa vile yalichaguliwa pasipo majina ya vitu, ndiyo yasiyoshikika kwa mkono wala kuchorwa. Ni saruji isiyo na mawe. Mtoto wa ugenini na ayasikie kwanza ndani ya sentensi, kinywani mwa mwalimu, na katika mchezo, ndipo ayaone.

Tena mtoto wetu haji mikono mitupu. Akiwa amekwisha jifunza kusoma Kiswahili, akaona "me" akasema "me", na "come" akasema "kome", hakukosa kusoma; amesoma Kiswahili. Mwalimu na amwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, kisha amwonyeshe kwamba Waingereza wana desturi nyingine kwa herufi zile zile. Nimesikia mwalimu akimwita mtoto wa namna hiyo mjinga. Yule mtoto ndiye peke yake darasani aliyezitazama herufi.

Nakuja kwenye kadi za Kiswahili. Hapa sina upole mwingi. Chukua sentensi ya Kiingereza: "The little boys saw my two good books." Maneno 6 kati ya hayo 8 ni ya Dolch. Sasa ondoa vitabu, weka kalamu: neno la mwisho tu hubadilika, na yale 6 hubaki kama yalivyokuwa. Kadi zimefaa mara mbili. Kwa Kiswahili twasema: "Wavulana wadogo waliviona vitabu vyangu viwili vizuri." Ondoa vitabu, weka kalamu: "Wavulana wadogo waliziona kalamu zangu mbili nzuri." Maneno ni 7, na yaliyobadilika ni 5. Neno moja la Dolch, "my", kwetu ni wangu, yangu, langu, changu, vyangu, zangu, pangu, kwangu, mwangu. Neno "this" ni huyu, hawa, huu, hii, hili, haya, hiki, hivi, hizi, hapa, huku, humu. Mwenye kuitafsiri orodha ya maneno 220 atajikuta na orodha ndefu kuliko kitabu cha darasa la kwanza, na bado hajagusa vitendo.

Na vitendo ndivyo vinavyoiangusha njia hii kabisa. "He will see me" ni maneno 4, yote ya Dolch. Kiswahili husema "ataniona", neno moja. Kwa nafsi 6 na nyakati 4 za na, li, ta na me, kitendo hiki kimoja kina maumbo 24 kabla ya kutia anayeonwa. Ukimtia huyo, maumbo yapita 100. Na bado hatujakanusha. Nani atayaandikia kadi? Wala mtoto hana haja nazo. Aliyejua a, ta, ni, o, na, amekwisha kulisoma "ataniona", na siku ya pili atalisoma "watatuona" bila kufundishwa. Lugha yetu huyajenga maneno kama fundi ajengavyo kwa matofali; kumfundisha mtoto kuta nzima nzima, akakariri kila ukuta kwa sura yake, ni kumnyima matofali.

Tena maandishi yetu ni mapesi mno kwa kazi hii. Tuna irabu 5, kila moja na sauti moja; silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Hilo si bahati tu. Waliokiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi toka siku za Krapf na Steere, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, walijitahidi maandishi yafuate sauti. Katika mwaka 2003 Seymour, Aro na Erskine walitoa habari za watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa shule. Watoto wa lugha zenye maandishi mapesi, kama Wafini, walisoma sawasawa karibu maneno yote waliyopewa. Watoto wa Scotland, wasomao Kiingereza, walisoma kama theluthi moja. Watoto wa Scotland si wazito wa akili kuliko wengine, mzigo wao ndio mkubwa. Kiswahili, kwa upesi wa maandishi, ni jirani wa Kifini kuliko wa Kiingereza. Basi mwalimu anayeleta kadi za Dolch katika Kiswahili amechukua dawa ya mgonjwa wa jirani akampa mtoto wake aliye mzima.

Hata hivyo tusijisifu upesi. Wako watakaosema: Sisi hatuna kadi, sisi twafundisha ba, be, bi, bo, bu, kama walivyofundisha wazee wetu. Vema. Lakini nenda nyuma ya darasa usikilize. Mwalimu hupiga ubao kwa fimbo, watoto 70 huimba "ba, be, bi, bo, bu", na nusu yao watazama dirishani. Wimbo wajulikana, herufi hazijulikani. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, ambako watoto wetu walisoma karne nyingi kabla ya shule hizi, mwalimu mwema alikuwa na dawa ya jambo hilo: kila mtoto na ubao wake, na mwalimu humwita mmoja mmoja amsomee, naye huweka kidole juu ya herufi. Waliokuwa na mwalimu mvivu waliondoka wamehifadhi sura nyingi bila kuweza kusoma barua. Kadi na wimbo ni dada wawili. Wote hukubali kumbukumbu ya kinywa badala ya kazi ya jicho.

Nilimwona mvulana mmoja wa miaka 7, katika shule ambayo sitaitaja, aliyekisoma kitabu chake cha kwanza chote bila kukosa. Mwalimu wake alinileta kwake kwa fahari. Nikaweka kidole katikati ya ukurasa, juu ya neno "kisima", nikamwuliza ni neno gani. Akanyamaza. Kisha nikaona midomo yake ikitembea: alikuwa ameanza toka juu ya ukurasa, akiimba kimoyomoyo, mpaka alipofika mahali pa kidole changu. "Kisima," akasema, na uso ukamng'aa. Alikuwa na akili nyingi, nayo ndiyo iliyomficha. Miaka miwili baadaye nilipata habari zake. Walikuwa wamemfikisha darasa la tatu, mahali ambapo vitabu ni vingi na havikaririki, akasimamishwa mbele ya wenzake asome habari mpya, asiweze. Akachekwa, na toka siku ile akaanza kutoroka shule. Waliomtahini miaka yote miwili walimpa alama nzuri, kwa kuwa walimtahini kwa kile alichokwisha kukisikia.

Kwa hiyo swali la mtihani si dogo. Uingereza, tangu mwaka 2012, watoto wa mwaka wa kwanza hupewa maneno 40 wayasome, na 20 kati yao si maneno, ni sauti zilizobuniwa tu. Kando ya kila moja huwekwa picha ya dude lisilokuwako duniani, mtoto aambiwe ni jina lake. Wako waalimu wanaolichukia jambo hilo, wakisema ni upuzi kumsomesha mtoto yasiyo na maana. Mimi naona lina haki moja kubwa: neno lisilokuwako haliwezi kukaririwa. Kwa Kiswahili ni rahisi kuliko kwa lugha yo yote. Andika "lomiku", andika "dafupe", andika "shunegi". Mtoto akiyasoma, ajua kusoma. Akikutazama usoni akingoja umsaidie, rudi naye kwenye silabi, wala usimpe alama kwa ajili ya huruma. Lakini maneno hayo yawe ya kupimia tu. Nimesikia yakifanywa somo la kila siku, na hapo waliolalamika wana haki.

Je, hatuna maneno ya kuweka ukutani? Tunayo machache, ila si yale ya "na" na "ya". Ni yale ambamo maandishi yetu humhadaa mtoto. "Ng'ombe" na "ngoma" hutenganishwa na alama ndogo ambayo wapiga chapa wengi huisahau. Katika "mbuzi" ile "m" yashikamana na "b", silabi ni mbu na zi. Katika "mbwa" yasimama peke yake, kana kwamba imeandikwa m-bwa. "Mbuni" ni ndege mkubwa ikiwa silabi ni mbu na ni. Ni mti wa kahawa ikiwa ni m, bu, ni. Na karatasi haisemi ni lipi. "Barabara" ni njia kuu, na likikazwa mahali pengine ni "sawasawa". Maneno ya namna hii yataka jicho na sikio na maana ya sentensi kwa pamoja, na mwalimu akiyakusanya kwa mwaka mmoja hatajaza ukuta wa nusu darasa.

Kazi ambayo Dolch aliifanya vema, ile ya kuhesabu, kwetu ingefanywa kwa vipande vya maneno: ni viambishi vipi vinavyotokea zaidi katika vitabu vya darasa la kwanza na la pili, wa- au ki-, -li- au -na-, na ni kwa utaratibu upi vifundishwe. Mwalimu mwenye kitabu kimoja, kalamu na jioni chache aweza kuianza. Achukue kurasa 10, akate kila neno vipande, aweke alama kila kipande kinaporudi. Na akipenda kutuletea hesabu yake, aandike pia ni kitabu gani na ni darasa la ngapi, tupate kuilinganisha na za wengine.